Gatsby, Raisin au The Color Purple: ipi uifundishe pamoja na filamu zake?

Kila muhula ukikaribia kuanza napata simu za aina mbili. Ya kwanza ni ya mwalimu mwenzangu wa chuo aliyepewa kozi ya fasihi ya Marekani. Ana wiki nne tu za kazi moja itakayosomwa pamoja na filamu zake, na muhtasari wa kozi unatakiwa idarani Ijumaa. Ya pili ni ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye msimamizi wake ameshakubali aandike kuhusu kitabu na filamu, ila kitabu chenyewe bado hakijachaguliwa. Wote hutaja kazi zilezile tatu: The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald ya mwaka 1925. A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry ya mwaka 1959. Na The Color Purple, riwaya ya Alice Walker ya mwaka 1982.

Nimezifundisha zote, kila moja kwa zaidi ya darasa moja, na mpaka leo sijaweza kumwambia mtu "chukua hii" kabla sijamuuliza ana wanafunzi wangapi, Kiingereza chao kikoje, na kama projekta ya ukumbini inawaka. Kwa hiyo nitazipima zote tatu kwenye mizani moja, nawe uangalie hali yako.

Vigezo

Natumia vitano. Kwanza usomaji: kurasa ngapi, lugha ngumu kiasi gani. Pili matoleo yake ya filamu na jukwaani, na yanatofautiana wapi na maandishi. Tatu upatikanaji, yaani nakala, bei na hakimiliki. Nne uzito wa maudhui mbele ya darasa. Tano nafasi iliyobaki kwa mtafiti.

Cha pili ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Fundi akiunganisha vitambaa viwili, hata awe hodari namna gani, ukigeuza nguo ndani nje utauona mshono. Kitabu kilichogeuzwa filamu kina mshono pia, pale mkono wa mwandishi unapoishia na wa mwongozaji unapoanza. Kazi inayofundishika ni ile ambayo mshono wake unaweza kuuonyesha kwa kurasa mbili na dakika tano za filamu ndani ya kipindi kimoja, mwanafunzi akaupapasa mwenyewe. Umaarufu wa kitabu hausaidii hapo.

Swali moja nimeliacha nje makusudi: je, filamu imekuwa aminifu kwa kitabu? George Bluestone alishaeleza mwaka 1957, katika utafiti wake wa riwaya na filamu, kwamba hizi ni sanaa mbili zenye zana tofauti. Hata hivyo swali hilo linarudi kila mwaka katika insha, na linamwachia mwanafunzi orodha ndefu ya tofauti asiyojua aifanyie nini. Ajabu ni kwamba wanafunzi wetu wana jibu bora zaidi mikononi. Wengi wamekulia kwenye mabanda ya video wakiangalia filamu zilizosimuliwa upya kwa Kiswahili, Lufufu huku Tanzania, DJ Afro kule Kenya. Wanajua kwamba msimuliaji anaongeza chake, na kwamba watu walilipa kiingilio kwa ajili ya hicho alichoongeza. Nikianza kozi kwa kuwakumbusha hilo, nusu ya nadharia inakuwa imeshaingia.

Usomaji

Gatsby ina sura 9 na maneno yasiyofika 50,000. Wiki mbili zinatosha. Ila ufupi wake unadanganya. Msimuliaji, Nick Carraway, anasema mengi kwa kuyapitia pembeni, na mwanafunzi anayesoma haraka anatoka na hadithi ya tajiri aliyempenda mke wa mtu. Lazima umrudishe kwenye sentensi, moja baada ya nyingine, aone Nick anavyomhukumu mtu huku akidai hahukumu. Kiingereza chake ni sanifu, chenye mapambo. Wanaopenda lugha hufurahi, na wanaosoma kwa shida hukwama kwenye aya ndefu za karamu za sura ya tatu.

Raisin ndiyo fupi kuliko zote, na kwa mwanafunzi wa kwetu ndiyo iliyo karibu naye. Baba amefariki, hundi ya bima ya dola 10,000 inakuja, na familia ya Younger iliyobanana kwenye nyumba ndogo upande wa kusini wa Chicago inaanza kuigombania kabla haijafika. Mtoto wa kiume, Walter Lee, anataka kufungua duka la pombe. Dada yake Beneatha anataka kusomea udaktari. Mama yao anataka nyumba yenye bustani. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo baada ya kuanua matanga hahitaji kuelezwa mvutano ule. Gawa sehemu, isomwe kwa sauti darasani, na baada ya mikutano mitatu imekwisha. Hata wale wanaojificha viti vya nyuma huomba kuwa Walter.

The Color Purple ni riwaya ya barua. Celie, msichana wa kijijini Georgia, anamwandikia Mungu kwa sababu hana mwingine wa kumwambia, na baadaye anamwandikia mdogo wake Nettie. Barua nyingi ni fupi, nyingine nusu ukurasa tu. Kinachowasumbua wanafunzi ni Kiingereza cha Celie, Kiingereza cha Wamarekani weusi wa Kusini kilichoandikwa kama kinavyotamkwa. Waliopata alama nzuri za sarufi shuleni ndio hulalamika zaidi.

Dawa niliyoipata ni zoezi la tafsiri. Nawapa barua moja waigeuze kwanza iwe Kiswahili sanifu, halafu iwe Kiswahili cha nyumbani kwao, kiwe Kimakunduchi, Kimtang'ata, Sheng au kingine chochote. Mwaka mmoja nilikuwa na binti kutoka Lubumbashi. Tafsiri yake ya kwanza ilikuwa safi, na ilisikika kama barua ya kuomba likizo kwa mkuu wa kitengo. Ya pili aliisoma kwa Kiswahili cha mtaani kwao, taratibu, karatasi akiwa ameishika kwa mikono miwili. Hapakuwa na aliyecheka. Mmoja akasema kutoka nyuma, "Huyu sasa ndiye Celie." Tangu siku hiyo sijawahi kusimama mbele ya darasa kueleza kwa nini Walker hakusahihisha sarufi ya Celie.

Matoleo na mshono

Gatsby imegeuzwa filamu ya sinema mara nne. Ile ya mwaka 1926, isiyo na sauti, imepotea, na kilichobaki ni kionjo chake kifupi. Ikafuata ya 1949, kisha ya 1974 iliyoongozwa na Jack Clayton kwa mswada wa Francis Ford Coppola, na ya 2013 ya Baz Luhrmann. Mwaka 2024 ikaingia Broadway, majumba ya maigizo ya New York, kama tamthilia ya muziki. Kwa upana wa miaka hakuna kazi kati ya hizi tatu inayoifikia. Unaweza kuweka tukio la Gatsby kumwonyesha Daisy, mke wa mtu anayempenda, mashati yake, la 1974 na la 2013, moja baada ya lingine, na darasa likaona jinsi kila zama zinavyouona utajiri.

Mishono miwili naitumia kila mara. Luhrmann amemweka Nick kwenye sanatoria, mgonjwa wa ulevi, akiandika kitabu kwa ushauri wa daktari, jambo ambalo Fitzgerald hakuliandika kabisa. Mwaka wa kwanza nilifanya kosa la kuonyesha filamu kabla ya kusoma, na nilipokusanya insha, nyingi zilieleza kwa kujiamini kwamba riwaya inaanzia hospitalini. Sasa nasoma kwanza, naonyesha baadaye, na nauliza: msimuliaji aliyegeuzwa mgonjwa tumwamini zaidi au tupunguze imani?

Mshono wa pili uko juu ya daraja la Queensboro, sura ya nne. Nick na Gatsby wanapitwa na gari la kifahari linaloendeshwa na dereva mzungu, na ndani wamekaa watu weusi watatu waliovaa vizuri. Nick anawaeleza kwa maneno ya dharau na anacheka kwa sauti. Luhrmann akaligeuza gari hilo kuwa karamu inayotembea, shampeni mkononi, hip-hop ikipiga. Kicheko cha Nick kimefutwa. Waulize wanafunzi: mwongozaji amelisafisha kosa, au ameficha ushahidi? Nimewahi kuona mjadala huo ukila kipindi kizima na kumfuata mwalimu mpaka nje ya ukumbi.

Raisin ina mshono uliojificha, na ndiyo sababu wengi huipita. Filamu ya 1961 iliongozwa na Daniel Petrie. Wahusika wakuu walichezwa na walewale wa Broadway, Sidney Poitier, Claudia McNeil, Ruby Dee na Diana Sands, na mswada aliandika Hansberry mwenyewe. Ukiangalia juujuu utasema ni jukwaa lililopigwa picha. Lakini Hansberry alikuwa ameandika matukio mengi ya nje ya nyumba ile, akitaka kamera itembee mitaani Chicago, na mengi hayakuingia kwenye filamu iliyotoka. Mswada wake wa awali ulichapishwa mwaka 1992. Kwa hiyo una kitu adimu: mwandishi mmoja, hadithi moja, mara moja kwa jukwaa na mara moja kwa filamu aliyoitamani na hakupewa. Baada ya hapo ipo tamthilia ya muziki ya 1973, toleo la televisheni la 1989 lililorudisha sehemu zilizokatwa, na jingine la 2008.

Hata maandishi ya tamthilia yana mshono. Beneatha anapokata nywele zake zilizonyooshwa na kuziacha asilia, tukio hilo liliondolewa kwenye onyesho la 1959, likarudishwa katika machapisho ya baadaye. Hakikisha wanafunzi wote wana chapisho moja, la sivyo nusu ya darasa itazungumzia tukio ambalo nusu nyingine haijaliona.

Na kuna kipande ambacho sikioni mwa msomaji wa Afrika Mashariki hakiwezi kupita kimya. Mwanzoni mwa sehemu ya pili ya tamthilia Walter anarudi amelewa, anamkuta dada yake anacheza ngoma kwa vazi aliloletewa na rafiki yake Mnaijeria, Asagai. Anaruka juu ya meza, anajipigapiga kifua, anajiona shujaa mwenye mkuki, na anapaza sauti kwamba mtu wake ni Kenyatta. Tamthilia ilifunguliwa Broadway tarehe 11 Machi 1959. Siku hiyo Jomo Kenyatta alikuwa bado kifungoni kaskazini mwa Kenya. Mlevi wa Chicago anayeajiriwa kuendesha gari la mzungu anaazima jina la mfungwa wa Turkana ili asimame wima kwa dakika mbili! Wanafunzi wangu huomba tukio hilo lionyeshwe tena na tena katika kila toleo tunalolipata, wakipima sauti, macho, na namna Beneatha anavyomwangalia kaka yake.

The Color Purple ina mnyororo wa namna yake: riwaya ya 1982, filamu ya Steven Spielberg ya 1985, tamthilia ya muziki ya Broadway ya 2005, kisha filamu ya 2023 ya Mghana Blitz Bazawule iliyotokana na tamthilia hiyo ya muziki. Filamu ya mwisho, basi, haikutoka kitabuni moja kwa moja. Ilipitia mikono mingine, na kila mkono umeacha uzi wake.

Mshono wake bora ni wembe. Katika riwaya, Celie amegundua kwamba mumewe amemficha barua za Nettie kwa miaka mingi. Anajikuta amesimama nyuma ya kiti chake, wembe wazi mkononi, na Shug Avery, mwimbaji anayempenda, anamzuia. Ni mistari michache tu ndani ya barua. Spielberg amelinyoosha tukio hilo, akalichanganya na jingine la mbali: huku Celie ananoa wembe wa kumnyolea mumewe, kule Afrika watoto wanachanjwa chale usoni katika sherehe ya mila, Shug anakimbia uwanjani, picha zinapishana kwa kasi. Katika riwaya habari za chale ziko kwenye barua za Nettie za mbele sana, bila uhusiano wowote na wembe wa Celie. Na hizo picha za Afrika zilipigwa Kenya, ingawa Waolinka wa Walker ni kabila la kubuni la Afrika Magharibi. Mpe mwanafunzi karatasi yenye safu mbili, asimamishe filamu kila picha inapobadilika na kuandika anachokiona. Akifika safu ya pili ataanza kuuliza mwenyewe kwa nini kisu cha Afrika kimewekwa jirani na kisu cha mauaji.

Katika filamu hiyohiyo, dada hawa wawili wanacheza mchezo wa kupiga makofi wenye kiitikio "makidada". Huhitaji kumwambia Mswahili atafute neno gani humo ndani. Darasa langu la mwisho lilicheka kwa furaha, halafu likauliza swali la maana: lugha ya pwani ya mashariki inafanya nini kijijini Georgia mwanzoni mwa karne ya 20?

Upatikanaji

Hapa sitakawia. Nchini Marekani hakimiliki ya Gatsby ilikwisha tarehe 1 Januari 2021, na maandishi yake yako bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Mwanafunzi anaipakua kwenye simu kwa bando dogo, au anaichapa stesheneri bila mtu kumnyooshea kidole. Raisin na The Color Purple bado zina ulinzi. Kwa Raisin nakala chache zinatosha kwa sababu kikundi cha wasomaji sita kinaweza kushirikiana, lakini ukitaka kuipandisha jukwaani mbele ya watu wanaolipa, omba kibali kwanza. The Color Purple inataka kila mtu awe na nakala yake kwa wiki tatu hivi, na huo ndio mzigo wake mkubwa kifedha. Mimi huweka nakala kadhaa kaunta ya maktaba kwa kuazima saa mbili mbili.

Filamu zote tatu kuu zinazidi saa mbili. Usijidanganye kwamba utaionyesha nzima ndani ya kipindi. Chagua vipande, viweke kwenye flashi, na uwe na nakala ya pili, kwa sababu intaneti ya ukumbini hukatika siku ile ile unayoitegemea.

Uzito wa maudhui

Raisin ndiyo nyepesi kuibeba. Ina ubaguzi wa makazi, ina lugha kali hapa na pale, na Ruth, mke wa Walter, anafikiria kutoa mimba, lakini yote yanazungumzika hata mbele ya darasa la mwaka wa kwanza.

Gatsby huonekana salama kwa sababu imefundishwa sana, na hapo ndipo mwalimu anapojisahau. Tom Buchanan, mume wa Daisy, anahubiri hofu ya watu weusi kuitawala dunia tangu sura ya kwanza. Wolfsheim, mshirika wa Gatsby katika biashara, amechorwa kwa dhihaka ya wakati ule dhidi ya Wayahudi. Hayo yasipozungumzwa, mwanafunzi anabaki na suti na magari.

The Color Purple inaanza na ubakaji ukurasa wa kwanza, unaofanywa na mtu ambaye Celie anaamini ni baba yake. Ndoa yake ni ya kipigo. Wokovu wake unatokana kwa kiasi kikubwa na mapenzi yake na mwanamke mwingine, Shug. Mambo haya yanahitaji mwalimu aliyejiandaa. Katika ukumbi wenye watu 60 wapo waliopitia anayoyapitia Celie, na wengine hawajawahi kumwambia mtu. Wiki ya kwanza nawaeleza wazi kilichomo, nawaambia anayehitaji kutoka atoke bila kuomba ruhusa, na naandika ubaoni chumba cha mshauri wa wanafunzi kiko wapi. Kuhusu Celie na Shug, katika nchi zetu kadhaa mada hiyo ina uzito wa kisheria pia, kwa hiyo zungumza na mkuu wa idara kabla ya kuiweka kwenye muhtasari. Ukiona utalazimika kuiruka, chagua kazi nyingine. Spielberg aliipunguza ikawa karibu busu moja, na mwalimu akiipunguza tena, hakibaki kitu cha kulinganisha.

Nafasi ya utafiti

Shamba la Gatsby limelimwa sana. Anayekuja na mada ya "ndoto ya Marekani katika Gatsby" atatumia mwaka mzima kusoma waliomtangulia na hatapata pa kusimama. Lakini kuna pembe mbili zenye rutuba. Moja ni matoleo yaliyozaliwa baada ya hakimiliki kwisha, ambayo bado ni mabichi. Nyingine ni mswada wa mkono wa Fitzgerald uliohifadhiwa Chuo Kikuu cha Princeton, ambao umewekwa mtandaoni. Mtafiti aliye Dodoma au Eldoret anaweza kuona mistari aliyoikata bila kununua tiketi ya ndege.

Raisin ina nafasi kubwa kuliko sifa zake zinavyoonyesha. Kuna kesi ya familia ya Hansberry yenyewe kuhusu haki ya kuishi mtaa wa wazungu, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1940. Kuna mswada usiopigwa picha. Kuna Clybourne Park, tamthilia ya Bruce Norris ya 2010 inayorudi kwenye nyumba ileile waliyoinunua akina Younger. Na kuna Asagai na Kenyatta: Afrika ya mwaka 1959, iliyokuwa ikihesabu miaka hadi uhuru, ilivyoonekana kutoka sebuleni Chicago. Mtafiti wa Afrika Mashariki ana haki ya kulishika hilo kwa mikono miwili. Karatasi za Hansberry ziko Schomburg Center, maktaba ya utafiti iliyoko Harlem, New York.

The Color Purple ina mzozo wa hadharani uliorekodiwa vizuri. Filamu ya 1985 iliteuliwa kwa tuzo 11 za Oscar isipate hata moja, na huku nje watu waliandamana kupinga wanaume weusi walivyochorwa. Walker aliandika mswada wake wa filamu ambao haukutumika, akauchapisha mwaka 1996 katika kitabu kinachoeleza yaliyomkuta. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Ongeza hili: akiwa mwanafunzi alisafiri Afrika Mashariki, na safari hiyo imo kwenye diwani yake ya kwanza, Once, ya 1968. Njia kutoka mashairi hayo hadi Waolinka, na kutoka Waolinka hadi picha zilizopigwa Kenya, ni tasnifu inayomsubiri mtu.

Na Native Son?

Mara nyingine naulizwa kwa nini sikuitaja riwaya ya Richard Wright ya 1940. Naiheshimu mno kuiingiza kwa wiki nne. Ni ndefu, ni nzito, na ilichapishwa ikiwa imekatwa. Maandishi kamili yalitoka 1991. Filamu ya 1951 ilipigwa Argentina, na Wright mwenyewe, akiwa ameshapita miaka 40, akacheza mhusika mkuu, Bigger Thomas, mwenye miaka 20. Matoleo ya 1986 na 2019 yote yanaondoa mauaji ya Bessie, mpenzi wa Bigger, na la 2019 halifiki mahakamani kabisa. Mwanafunzi wa uzamivu akikaa nayo miaka mitatu, hatajuta. Namwonyesha pia kwamba Bigger, kwenye ukumbi wa sinema, anaangalia Trader Horn, filamu ya 1931 iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika ardhi yetu hii, na hiyo ndiyo Afrika anayoijua.

Nani achukue ipi

Kama una darasa kubwa, bajeti haina kitu na wanafunzi wanasomea kwenye simu, Gatsby itakupunguzia nusu ya matatizo. Tumia wiki mbili za kusoma kwa utulivu, wiki ya mashati, wiki ya daraja. Inawafaa pia wanaosomea filamu na uandishi wa habari, kwa kuwa matoleo yake yametawanyika karibu karne nzima.

Kama ni mwaka wa kwanza, Kiingereza bado kinawasumbua, au unafundisha walimu watarajiwa watakaokwenda sekondari, chukua Raisin. Inafaa zaidi unapokuwa na wanafunzi 30 kushuka chini na chumba unachoweza kusogeza meza. Umeme ukikatika, kipindi kinaendelea kwa sauti zao.

Kama una semina ndogo ya mwaka wa tatu au wa uzamili, mmeshajuana, na idara iko nyuma yako, The Color Purple itawapa mengi: lugha, jinsia, dini, Afrika inavyotazamwa, na kazi iliyopita kutoka barua hadi sinema hadi jukwaa na kurudi sinema. Kama ni mara yako ya kwanza kufundisha kabisa, iache mwaka huu, uifundishe ujao.

Kwa mtafiti, amua kwanza utapata wapi nyaraka. Anayetegemea mtandao tu aanze na mswada wa Princeton. Mwenye hamu ya historia ya uhuru na anayeweza kupata mswada wa 1992 kupitia maktaba yake aende kwa Hansberry. Na anayetaka kuandika kuhusu Afrika Mashariki ndani ya sinema ya Marekani, aazime filamu ya 1985, afike kwenye wembe, na akae na saa mkononi akihesabu sekunde: ngapi ziko Georgia, ngapi ziko Kenya.